Mtani Asiyepewa Zamu

"Wapemba hujuana kwa vilemba." Methali hii ina umri mkubwa, na aghalabu waitamkao hawaitafakari. Haisemi kwamba kila afungaye kilemba ni Mpemba. Yasema kwamba wenyewe wana alama wanazosomana kwazo, alama ambazo mpita njia huzitazama asizione. Watungaji wa michezo ya televisheni wa nchi yetu wameipindua. Wao huona kwamba kilemba kikishafungwa, au kofia ikishavishwa, Mpemba amekwishapatikana na kazi imekwisha. Kwa njia hiyo amezaliwa kiumbe ambaye nakusudia kumshitaki katika kurasa hizi, ingawa mwenye kosa hasa ni kalamu iliyomzaa.

Wasomaji wanamjua. Hana mchezo mmoja wala jina moja. Kwa miaka mingi amekuwa akihama kutoka kichekesho hiki kwenda kile, kutoka stesheni hii kwenda nyingine, na katika filamu vilevile. Ana duka. Kofia yake ya viua, ambayo mwanamke wa hapa kisiwani huishona kwa sindano wiki baada ya wiki, amevishwa ikiwa imelala upande kama kifuniko cha chungu kisichoenea. Kila kauli yake huanza kwa "yakhe" na huishia kwa "yakhe". Huvuta irabu mpaka neno fupi huwa refu kama kamba ya nanga. Huhesabu sarafu. Akija mteja mjanja, hulaghaiwa. Akija msichana mzuri, hubabaika. Na kisa kikihitaji uchawi, hirizi hutolewa chini ya meza yake. Dakika tatu zikipita amekwishatoka, na mchezo huendelea na watu wenye mambo yao.

Wanaomtunga hawamchukii, na hapo ndipo ugumu wa kesi hii ulipo. Ukiwaambia kwamba mtu wao anaudhi, watashangaa kwa dhati. Watakwambia kwamba wanawapenda Wapemba, kwamba wamepanga kwao, wamekula kwao, wamekopeshwa nao unga wakati mshahara haujatoka. Nawasadiki. Tusi lililokusudiwa lina faida moja: laweza kujibiwa. Lakini mapenzi ya mtu asiyesikiliza hujibiwaje?

Hebu tupambanue. Wahusika wanaoudhi wako wa namna mbili. Wako waliotungwa ili waudhi, nao ni hazina ya fasihi. Mohamed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alimtunga Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, ambaye tangu Mzimu wa Watu wa Kale kilichochapwa mwaka 1960 huwakera rafiki zake kwa kulijua jambo na kulikalia kimya. Msomaji naye hukereka, hufungua ukurasa wa pili, na mwisho humshukuru. Abunuwasi ameudhi masultani na mabwana wa mji kwa vizazi visivyohesabika, na kila mtoto wa pwani amelala akimcheka. Kero ya namna hii ina mwenyewe: mtungaji ameipima, anajua inapoanzia na inapomalizikia.

Namna ya pili ni ya yule ambaye mtungaji alidhani tutafurahi naye. Kero yake haina mwenyewe. Hakuna aliyeipima, kwa hiyo hakuna aijuaye kuisimamisha. Mhusika wa namna hii ni ushahidi kwamba mtungaji aliandika juu ya watu huku amewapa kisogo.

Hapa Wesha, magharibi ya mji wa Chake Chake, mashua hung'oa kwenda Misali na wavuvi hurudi na jua. Kabla ya mwaka 2010, ulipofika waya wa umeme uliotandazwa chini ya bahari kutoka Tanga, Pemba iliishi kwa majenereta ya dizeli, na mchezo wa jioni uliweza kukatika pale penye utamu. Siku hizi haukatiki mara kwa mara namna ile, na duka la mtu wetu huonekana lote, tangu rafu mpaka mizani. Likitokea, watazamaji wa hapa hucheka kidogo, kama mtu anavyocheka mgeni anapoikosea salamu ya wenyeji. Kisha mtu mzima mmoja husonya. Msonyo huo hauandikwi magazetini wala haupigiwi simu stesheni. Nataka niuandike mimi.

Nianze na sikio. "Yakhe" ni neno la mtu na rika lake; lina asili ya Kiarabu, na maana yake ni kumwita mwenzio ndugu. Halitupwi kwa bibi aliyekuja kununua sukari, wala kwa maalim aliyekufundisha chuoni. Kwa bibi kuna shikamoo, kuna "Bi" na jina lake. Mpemba wa televisheni humwita yakhe mzee, mtoto, polisi na mama mkwe, na hivyo mtu wa kisiwa ambacho mtoto hujifunza adabu ya kuita watu kabla hajajua kuhesabu, hugeuzwa mtu asiye adabu kabisa. Mtungaji hakukusudia hivyo. Alilisikia neno, hakusikia lilikuwa likienda kwa nani.

Kisha sauti yenyewe. Kinachosemwa pale dukani si Kipemba cha mahali popote. Ni Kiswahili cha Dar es Salaam kilichovutwa masikio. Mpemba husema ntu, nti, nchele. Wala Pemba haina sauti moja, kwani Mkojani hasemi kama mtu wa Mkoani, na wa Micheweni akifungua kinywa wa Chake humjua atokako. Hivyo ndivyo vilemba vyetu hasa. Na asiseme mtu kwamba mambo haya yamefichika. Mwaka 1958 W. H. Whiteley alichapa kitabu kizima juu ya lahaja na mashairi ya Pemba, na BAKIZA limekwishatoa kamusi la lahaja ya Kipemba. Anayeandika mhusika daktari huuliza daktari jina la dawa. Anayeandika Mpemba haulizi.

Wako watakaoona kwamba nasumbukia jambo dogo. Nawaomba wamfikirie mtoto. Tangu Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930 na Kiunguja cha mjini kikafanywa msingi wa Kiswahili sanifu, lahaja nyingine zote zilikaa nyuma ya mlango. Si neno; taifa linahitaji lugha moja ya kuandikiana, nami naiandika hivi sasa. Lakini mtoto wa Wesha huambiwa skuli kwamba "ntu" ni kosa, na usiku huambiwa na televisheni kwamba ni kichekesho. Ni nani atakayemwambia kwamba ni lugha? Akifika miaka kumi na miwili amekwishajua kubadilisha kinywa chake kila asikiapo hatua za mgeni. Nimewaona vijana wanaofanya hivyo, tena wepesi, na wepesi wao huo ndio unaonisikitisha.

Baada ya sikio, nije kwenye duka lenyewe. Mpemba wa Kariakoo hakuota pale kama uyoga. Kisiwa hiki kilitoa sehemu kubwa ya karafuu iliyoipa Zanzibar jina duniani. Katika miaka ya themanini bei ya karafuu ilianguka, na kijana ambaye baba yake aliishi kwa mikarafuu alijikuta na mikarafuu isiyolisha. Wako waliovuka kwenda Tanga, Mombasa na Dar es Salaam kwa sababu ya njaa. Wako waliovuka kwa sababu ya siasa. Januari 2001, baada ya maandamano yaliyomwaga damu, watu wapatao 2,000 walikimbia kwa vyombo vya bahari hadi Shimoni, Kenya. Duka dogo lilikuwa kazi iliyowezekana kwa mgeni asiye na jamaa ofisini: mtaji wa mchango wa ndugu, usiku wa kulala juu ya magunia, daftari la madeni ya jirani.

Kwa hiyo yule mtu anayehesabu sarafu ana sababu ya kuzihesabu. Ana mama kijijini anayengoja. Ana ndugu aliyemtangulia na ndugu atakayemfuata. Ana hofu, ana mahaba, ana mahali anapotaka kuzikwa. Ni hadithi iliyojaa pomoni, imesimama mbele ya mtungaji, naye ameipita ili amwulize bei ya kiberiti. Mhusika asiyetaka chochote isipokuwa sarafu inayofuata humkera hata mtazamaji ambaye hajapata kuiona Pemba, kwa kuwa kila mtu hujua, hata asipojua kulieleza, kwamba mbele yake hakuna mtu.

Habari ya hirizi chini ya meza nayo ni ya kale kuliko televisheni. Evelyn Waugh, mwandishi wa Kiingereza, alipita pande hizi na katika kitabu chake cha mwaka 1931 akaieleza Pemba kuwa makao makuu ya wachawi. Watungaji wetu hawahitaji kumsoma ili wamrithi. Ajabu ni kwamba waliokwisha kukataa kuelezwa na wasafiri wa kikoloni bado wanakubali kutueleza sisi kwa maneno ya wasafiri hao.

Sasa naisikia hoja iliyo tayari kila mara: "Huu ni utani tu, na utani ni mila yetu." Vyema, tuzungumze mila. Utani una sheria, nazo ni kali kuliko za mahakama. Mnyamwezi na Mzaramo hutaniana tangu enzi za misafara, na kila mmoja ana zamu yake. Leo wanitupia neno msibani kwangu, kesho nakutupia lako harusini kwako. Na mtani huyohuyo anayenicheka ndiye atakayenichimbia kaburi. Utani ni deni linalolipwa kwa pande mbili. Ukiondoa zamu ya mmoja, kinachobaki hakiitwi utani katika lugha yoyote ya Waswahili. Kina majina mengine, na la upole kuliko yote ni dhihaka.

Mpemba wa televisheni ni mtani asiyepewa zamu. Hutupiwa maneno, kisha mchezo huisha. Hajapata kumtania mteja wake mjanja kwa kujifanya wa mjini ilhali jina lake liko ndani ya daftari la madeni. Na mtu yeyote aliyewahi kununua chumvi katika duka la Mpemba anajua ni nani, kati ya wawili hao, mwenye ulimi mkali zaidi.

Atakayesema kwamba lafudhi haiwezi kuchezwa bila kuudhi, naye amekosea. Kwa majirani zetu wa Kenya, mzee Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, alicheza Mzee Ojwang katika Vitimbi miaka mingi. Alikuwa Mkikuyu, na lafudhi aliyoitumia ni ya Kijaluo. Aliicheza kwa namna ambayo watu wengi waliamini kwamba ni ya kuzaliwa. Aliweza kwa sababu Ojwang alikuwa mtu kabla hajawa lafudhi: ana mke, ana ujanja, ana tamaa zinazomponza. Na juu ya yote, alikuwa na Mama Kayai wa kumjibu. Neno halikutoka kinywani mwa mzee yule bila kurudishiwa lake. Zamu ilikuwapo.

Na mbali zaidi, Marekani, wanaye ndugu wa Mpemba wetu. Apu, Mhindi mwenye duka katika katuni za The Simpsons, alianza kuonekana mwaka 1990, na sauti yake ilitolewa na Mzungu, Hank Azaria. Naye alipendwa na waliomtunga. Walimpa bidii, familia, hata shahada ya udaktari wa kompyuta, mambo ambayo Mpemba wetu hajayaota. Lakini watoto wa Kihindi waliozaliwa kule walikua wakiitwa Apu skuli, na mmoja wao, mchekeshaji Hari Kondabolu, alitoa filamu mwaka 2017 akiuliza kwa nini sauti ya wazazi wake imekuwa mzaha wa taifa zima. Januari 2020 Azaria alitangaza kwamba hatamsema tena. Mambo mawili nayachukua katika kisa hiki. La kwanza, kupendwa na mtungaji hakumwokoi mhusika. La pili, ilichukua karibu miaka 30, na haikuanza ila pale mtoto wa mwenye duka alipochukua zamu yake kwa nguvu.

Nasi tuna deni la kujisema. Zanzibar ilikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970; Bara walisubiri mpaka 1994. Tuliwatangulia kwa miaka 20. Tungeweza kuijaza miaka ile kwa wahusika wetu wenyewe, mpaka mtungaji wa Dar es Salaam alipokaa kuandika awakute wamekwishasimama, wana nyuso na majina. Badala yake, katika michezo ya visiwani penyewe Mpemba mara nyingi amekuwa mtu wa shamba aliyekuja mjini Unguja kushangaa taa. Aliyetuvika kofia upande wa kwanza hakuvuka bahari kubwa.

Tena tunapojaribu kujitetea, huangukia kero nyingine. Kumpinga Mpemba mpumbavu tunamtunga Mpemba malaika: mzee wa nasaha ambaye hakosei, anayesimama mlangoni na kuhutubia juu ya elimu, malaria na umoja, huku walio naye wakitikisa vichwa kama mijusi. Mtungaji alikusudia tumheshimu. Watoto huenda kunywa maji. Twende na Wakati, mchezo wa Radio Tanzania ulioanza mwaka 1993 ili kuelimisha juu ya uzazi wa mpango na UKIMWI, ulikuwa na watu wema wa kuigwa. Lakini ukiutaja leo, jina linalorudi kwanza ni la Mkwaju, dereva wa lori mlevi na mzinzi aliyewekwa awe onyo. Mkwaju alitaka vitu. Wema hawakutaka ila tutengenekewe. Waliotoa Siri ya Mtungi mwaka 2012 walionesha njia iliyo bora: Cheche, mpiga picha wa Bagamoyo, ana moyo mzuri na tabia zinazomvunjia nyumba, na mtazamaji humsubiri wiki ijayo kwa kuwa hajui atafanya nini. Mtu wa pwani anaweza kuchezwa hivyo. Wa kisiwani pia.

Na lau tungetafuta jozi ya wahusika ambao hakuna awezaye kuwachoka, tusingehitaji kwenda mbali. Pemba iliwahi kuwa na Kamange na Sarahani, washairi wa enzi moja, mmoja akiandamwa na sifa ya mahaba, wa pili akijulikana kwa elimu na ucha Mungu, wakijibizana kwa tungo ambazo watu walizihifadhi kwa moyo. Kitabu cha Kale ya Washairi wa Pemba, kilichochapwa mwaka 2011 chini ya uhariri wa Abdilatif Abdalla, kimetuwekea habari zao na mashairi yao. Watu wawili wanaopendana, wanaopingana, na ambao hakuna anayenyang'anywa zamu: mtungaji wa mchezo angetaka nini zaidi ya hicho? Kisiwa kilichowafanya watu wayasubiri majibu ya mshairi kama wanavyosubiri mwezi wa Idi, leo kinaonekana kioni kikiulizwa bei ya kiberiti, na kinajibu "yakhe".

Kwa hiyo sitaki duka la Mpemba lifungwe. Wapo Wapemba wabahili, wapo washirikina, wapo wanaobabaika mbele ya wasichana, nami simwombei yeyote msamaha. Nataka waandishi wa stesheni zetu, na ZBC kwanza kabla ya wengine, watimize mambo matatu yasiyo na gharama. Wamwite Mpemba asikilize maneno kabla hayajarekodiwa, na akisonya wamwulize kwa nini. Wampe mwenye duka jina, na jambo moja analolitaka ambalo haliuzwi dukani. Na mteja mjanja akishasema lake, kamera ibaki pale pale, imngoje mtu wetu ajibu.

Akipewa nafasi hiyo, huenda akatuudhi. Huenda akasema jambo ambalo Bara haitalipenda, na Unguja haitalipenda, na hata Wesha itainamisha uso. Mtu anayeweza kutuudhi kwa makusudi yake mwenyewe ameshakuwa mtu. Tumsubiri huyo, na vijana wenye kalamu na simu zenye kamera wasitusubirishe miaka 30.